Uliza Ujibiwe: Mguu unakufa ganzi ndani ya kayaki ya asili, nikaeje?

Wasomaji wangu, barua za safari hii karibu zote zimeangukia sehemu moja, kiuno na miguu ya wanaokaa ndani ya kayaki, ule mtumbwi mwembamba wenye tundu la kukalia. Ndo mlivyouliza wenyewe, na kwa kuwa ni jambo lililonisumbua mimi mwenyewe misimu miwili mizima nimeamua yule wa kwanza nimpe nafasi kubwa, wengine nitawajibu kwa ufupi huko chini.

SWALI: Nimenunua kayaki ya mtindo wa Greenland, fremu ya mbao iliyovikwa kitambaa cha nailoni. Aliyeitengeneza alijipimia mwenyewe ila mimi na yeye tunalingana urefu. Majini inateleza vizuri sana na naipenda, shida ni kwamba nikikaa dakika 20 tu mguu wa kulia unaanza kuwasha halafu unakufa ganzi kabisa, kiuno nacho kinawaka moto, nikitoka nachechemea. Ndani hakuna kiti, kuna vibao tu. Wenzangu wanasema nitazoea. Kweli nitazoea au niweke kiti? – Mguu wa Ganzi

JIBU: Ndugu yangu, maumivu ya misuli ambayo haijawahi kukaa hivo utayazoea, yanapungua wiki hadi wiki. Ganzi usiizoee. Ganzi ni mshipa wa fahamu unakwambia nimebanwa au nimevutwa, na ukiupuuza leo kesho unakudai na riba. Kwa hiyo kabla ya kufikiria kiti tutafute kwanza nini kinabanwa na wapi.

Anza na kuelewa umenunua kitu gani. Kayaki ya Greenland, wenyewe wanaiita qajaq, ilikuwa inapimwa kwenye mwili wa mwenyewe kama fundi anavyopima nguo. Kipimo kinachosemwa sana ni hiki: urefu kama pima tatu za mikono yako, upana ni nyonga zako ukiongeza ngumi mbili, na kina pale kwenye masik ni ngumi moja na dole gumba limesimamishwa juu yake. Masik ni ule mti uliopinda kama upinde unaopita juu ya mapaja, mbele tu ya tundu la kukalia, ndo mti muhimu kuliko yote kwa habari yetu ya leo. Sasa wewe umevaa nguo iliyoshonwa kwa mtu mwingine. Kulingana urefu hakusaidii sana maana kichwa na mabega viko nje, vinavyoingia ndani ya kayaki ni nyonga, mapaja na nyayo, na watu wawili wa urefu mmoja mmoja wao anaweza kuwa na miguu mirefu na kiwiliwili kifupi na mwenzake kinyume chake, halafu mapaja ndo usiseme.

Kitu cha pili, ndani ya kayaki hii unakaa miguu imenyooka mbele, magoti karibu yanagusana, sio kama kwenye kayaki za plastiki ambako unakunja magoti na kuyatanua pembeni kama chura. Sitaha iko chini sana, magoti hayana pa kwenda. Wawindaji wa Greenland walikaa hivyo masaa na masaa, chini yao kipande cha ngozi na vibao, lakini hawakuanzia ukubwani, watoto wa kiume walipewa kayaki ndogo mapema na mwili ukakua nayo. Na walikuwa na mazoezi yao, kuna ile michezo ya kamba ambayo mpaka leo ipo kwenye mashindano ya kayaki ya Greenland, mtu anajizungusha kwenye kamba zilizokazwa juu ya ardhi, anajibinua huku na huku, na ule mwili unakuwa laini na wenye nguvu kwa pamoja. Sisi tunatoka kwenye kiti cha ofisi Jumamosi asubuhi tunajichomeka mle ndani na tunashangaa kiuno kinalia.

Sasa kile kiuno kinachowaka moto. Misuli ya nyuma ya paja imejishikiza kwenye ile mifupa miwili unayoikalia, ile unayoisikia ukikaa kwenye jiwe. Misuli ikiwa mifupi, ukinyoosha miguu inaivuta nyonga irudi nyuma, nyonga ikirudi nyuma mgongo wa chini unajikunja kama herufi C, na kuanzia hapo unapiga kafi ukiwa umejikunja, kila pigo linavuta kwenye maungio ambayo tayari yameshavutwa. Watu wengi wanadhani dawa ni kuegemea kitu. Hapana, dawa ni kuirudisha nyonga mbele. Jaribu sasa hivi sakafuni: kaa miguu imenyooka, weka viganja kwenye kiuno, alafu izungushe nyonga mbele kama unataka kumwaga maji ya kitovuni yaangukie mapajani. Ukishindwa kabisa, kunja blanketi chini ya makalio ujiinue sentimita 3 au 4 ujaribu tena. Ukiona umeweza, basi umepata jibu la nusu ya barua yako.

Tuje kwenye ganzi. Nafanya hivi na kila anayenijia na shida hii, na nakuomba ufanye karibu na ufukwe, maji ya magotini, mwenzako amesimama pembeni. Kaa mpaka ganzi ianze. Ikianza tu, fanya jambo moja peke yake: nyoosha vidole vya miguu vielekee mbele kama mchezaji wa baleti na uegemee nyuma kidogo. Subiri dakika nzima. Mguu ukipoa, tatizo lako ni kuvutwa, yaani mshipa mkubwa unaotoka kiunoni kupita kwenye kalio mpaka unyayoni umetandikwa kama uzi uliokazwa, kwa sababu mgongo umejikunja, goti limenyooka na unyayo umesimama wima, vyote vitatu kwa wakati mmoja. Kama haujapoa, rudi kwenye mkao wako, shika pete ya tundu kwa mikono miwili, jiinue makalio yaache kugusa sakafu kwa nusu dakika. Mguu ukipoa hapo basi umebanwa kwa chini, kuna ubao au taruma (ule mti wa mbavu za kayaki) au ukingo wa mkeka wako unakandamiza. Na kama ni mguu mmoja tu kama ulivyoandika, mimi moja kwa moja nashuku kitu cha upande mmoja, kibao kilichohama, fundo la kamba chini ya paja, hata funguo kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Kagua mifuko kwanza jamani, nimeshaona mtu ametoa mkeka na kuukata mara tatu na kumbe ni pochi.

Kama ni kubanwa: pasa mkono chini ya paja ukiwa umekaa, toka gotini kurudi nyuma, utaisikia sehemu ngumu kwa kiganja kabla ya kuiona kwa macho. Kwangu mimi ilikuwa taruma la tatu kutoka kwenye tundu, lilikuwa limeinuka juu ya wenzake kama unene wa sarafu mbili, sarafu mbili tu, na lilikuwa linaniua. Vibao vinavyolala kwa urefu juu ya mataruma vikiwa vitatu au vinne vinagawanya uzito vizuri, kimoja kikikosekana mwili unashuka kwenye lile pengo. Juu ya vibao weka sponji ngumu isiyonyonya maji, ile ya mikeka ya mazoezi, unene wa milimita 8 hadi 12 unatosha. Ifanye ndefu, hapo ndo wengi wanakosea, wanakata kipande cha makalio tu kikaishia katikati ya paja na ule ukingo unageuka kisu. Iende mpaka karibu na goti, na ukingo wa mbele uuchonge kwa mteremko uishie na wembamba wa karatasi.

Kama ni kuvutwa: hapo sponji nene chini ya paja haikusaidii, inaweza hata kuzidisha. Unachotaka ni makalio yawe juu kidogo ya visigino, na magoti yapate mkunjo mdogo sana. Chonga kabari, nyuma sentimita 2 mbele sifuri, kaa juu yake, nyonga itateleza mbele yenyewe. Alafu chini ya magoti viringisha taulo au weka mfuko mdogo wa hewa usiojazwa sana, magoti yainuke kiasi tu cha misuli kupumua. Vibao vinavyofika mpaka miguuni viondoe pale visigino vinapotua, visigino vishuke, kila nusu sentimita unayoipata huko chini ni nusu sentimita hujainua makalio. Ila usiache kisigino kikakaa moja kwa moja kwenye kitambaa cha kayaki! Mchanga unaingia hapo, kisigino kinausaga mchanga kwenye kitambaa kila unapopiga kafi, na siku ukipita juu ya jiwe ni kisigino juu, jiwe chini, kitambaa katikati. Weka kipande cha sponji nyembamba kilichofungwa kwenye mkuku, ule mti wa chini katikati unaokwenda urefu wa kayaki. Kwenye kayaki yangu kuna alama mbili pale, kila moja saizi ya kisigino, sponji imeng'aa kama ngozi ya kiatu cha zamani, na nikiingia visigino vinazitafuta vyenyewe.

Kwa nini sikwambii tu ujiinue sentimita 5 yaishe? Kwa sababu mbili. Ya kwanza, kayaki nyingi za uwindaji za Greenland zina upana wa kama sentimita 50 tu na sehemu kubwa ya utulivu wake ni kwa vile uzito wako uko chini karibu na maji, ukijiinua sentimita 2 tu utaisikia, ukijiinua 5 utakuwa umepanda baiskeli ya gurudumu moja. Ya pili ni ule masik. Ukipanda wewe, mapaja yanapanda, na masik haupandi.

Na hapa nataka nikae kidogo, maana ndo sehemu inayoamua kama utakaa kwa raha au la. Masik unatakiwa uyaguse mapaja juu kidogo ya magoti pale tu unapoutaka. Ukiwa umelegea, umeelea tu unaangalia mawimbi, pawe na nafasi ya kidole kimoja kati ya paja na mti. Ukikandamiza kwa nyayo na kukaza mapaja, yapande yaguse, na kwa pamoja makalio, mapaja na nyayo vikushike ndani ya kayaki kama mkono ndani ya glavu, hapo ukiinamisha nyonga kayaki inainama na wewe. Mapaja yakiwa yamebanwa muda wote hata ukilegea, damu haipiti vizuri na mshipa unakandamizwa kwa juu, na hiyo pia ni ganzi, ya aina ya tatu, ambayo watu wanaisahau kwa sababu macho yote yako chini kwenye makalio. Nafasi ikiwa kubwa sana kinyume chake kinatokea, unakaza misuli ya mapaja muda wote kuutafuta mti, na baada ya nusu saa mapaja yanatetemeka na kiuno kinachoka. Nafasi kubwa dawa yake rahisi, gundi sponji chini ya masik, ichonge ifuate umbo la mapaja. Nafasi ndogo ni ngumu zaidi: punguza unene wa mkeka, vaa suruali nyembamba, toa kila kitu kinachotoka. Usiuchonge masik wenyewe hata kama unaona una nyama ya kutosha, ule ndo unaobeba uzito wako ukijipindua na kuinuka, na ndo unaoshikilia umbo la sitaha.

Pembeni ya nyonga, kama kayaki ni pana kuliko wewe, bandika vipande vya sponji kila upande mpaka viganja vyako viwili, kimoja kila upande, vipite kwa kubanana kidogo. Ukikaa unateleza kushoto na kulia mgongo unafanya kazi ya kukushikilia na unachoka kabla ya mikono.

Alafu tembea. Ndio, ndani ya kayaki unaweza kutembea. Kafi likiingia majini upande wa kulia, sukuma kwa mguu wa kulia, nyonga ya kulia irudi nyuma kidogo na kiwiliwili kizunguke, likiingia kushoto sukuma kwa kushoto. Ukitazama kwa nje hakuna kitu unachokiona, lakini ndani makalio yanapokezana uzito kila pigo, misuli inakaza na kulegea, damu inasukumwa. Anayekaa kimya kama gunia la unga na kupiga kafi kwa mikono tu ndiye anayekufa ganzi wa kwanza. Na kila robo saa lala chali kwenye sitaha ya nyuma, kafi umelilaza kwa ubapa juu ya maji pembeni, nyoosha vidole vya miguu, vuta pumzi kumi. Ukilala hivyo uzito wako unashuka, kayaki inatulia zaidi kuliko ulivyodhani.

Nyumbani, kaa sakafuni miguu imenyooka dakika 5 asubuhi na 5 jioni, mgongo mbali na ukuta, ukiwa unasoma au unaongea na simu, nyonga mbele. Usivute misuli mpaka uumie, kaa tu, pale mwanzo unapokaza. Baada ya wiki tatu nne punguza blanketi unalokalia. Mimi nilianza na mto mzima wa kitanda. Majini anza na dakika 15, toka, tembea, rudi.

Neno la mwisho kwako na hili lichukulie kwa uzito. Ganzi inayoisha dakika chache baada ya kutoka ni ya mkao. Ganzi inayobaki mpaka kesho yake, unyayo unaoburuta kwa vile huwezi kuuinua, maumivu yanayoshuka kama umeme toka kiunoni mpaka chini ya goti, hayo mpelekee daktari kabla hujachonga sponji nyingine yoyote. Na ukiona ganzi imeingia katikati ya mapaja au mkojo haushikiki, usisubiri kesho, nenda hospitali saa hiyohiyo.

SWALI: Nina kiegemeo kizuri cha mgongo nilichokitoa kwenye kayaki yangu ya zamani ya plastiki, kirefu kinafika karibu na mbavu. Kwenye ile nilikuwa naenda nacho siku nzima bila shida. Nikifunge kwenye hii ya asili? – Dada wa Majini

JIBU: Dada yangu, hapana, na nisikilize kwa nini. Kwenye ile ya plastiki ulikuwa na kiti kilichoinuka, magoti yamekunjwa, sehemu za kukanyagia zimefungwa, na kiegemeo ni sehemu ya mpango huo mzima. Ajabu ni kwamba kwa nje zinaweza kuwa ndugu. Mwaka 1959 mpiga kafi mmoja, Ken Taylor, alirudi Uskoti kutoka kijiji cha Illorsuit huko Greenland na kayaki aliyotengenezewa huko, na kutokana na umbo lake ikaja kuzaliwa Anas Acuta, moja ya kayaki za baharini zinazojulikana sana Uingereza. Umbo la nje likasafiri, lakini ndani kikawekwa kiti, kwa hiyo raha uliyokuwa nayo kule ilikuwa ya kiti na hii yako mpya haina pa kukiweka.

Kiegemeo kirefu kwenye kayaki hii kitakufanyia mambo matatu mabaya. Kitakusukuma katikati ya mgongo, na ukisukumwa pale nyonga inateleza mbele chini na mgongo unajikunja, unaegemea zaidi, unateleza zaidi. Kitazuia kiwiliwili kuzunguka. Na kitakuzuia kulala nyuma, na kwenye kayaki za Greenland kulala nyuma ndo maisha yenyewe: mtindo wa kwanza wa kujipindua ambao wengi wanafundishwa unamalizia umelala chali juu ya sitaha, kile kiegemeo kingekuwa kimekuchoma mgongoni wakati unahitaji kuinuka upate pumzi.

Unachohitaji ni kitu cha kugusa pale chini kabisa ya kiuno, juu kidogo ya makalio, kisichopita juu ya pete ya tundu. Mkanda mpana wa kitambaa wenye sponji ndani, umefungwa kwenye mbao za ubavuni, au bonge la sponji limechongwa likaegemea ule mti wa nyuma ya tundu, basi. Kigusane nawe tu, usikiegemee. Kipimo ni hiki, ukipiga kafi vizuri unasahau kama kipo, ukichoka na kurudi nyuma unakikuta. Mfuko wa hewa wa nyuma, ule wa kuifanya kayaki ielee ikiingia maji, ukiujaza vizuri nao unasaidia kulishikilia hilo bonge lisirudi nyuma.

SWALI: Mimi ni mtu mnene, mapaja makubwa, na viatu navaa namba 46. Nimejaribu kayaki ya rafiki, kuingia tu kulinichukua dakika kumi na kutoka nilidhani nitaiacha kayaki nimeivaa. Kayaki za asili ni za watu wembamba tu? – Namba 46

JIBU: Sio za wembamba, ni za mtu aliyepimiwa, na rafiki yako hakupimiwa wewe. Kayaki ya fremu ina uzuri huu kwamba anayekutengenezea anaweza kuinua masik sentimita 2, akaongeza upana sentimita 4, akaacha sitaha ya mbele ikawa na kimo cha nyayo zako, na bado ikawa kayaki ya asili kabisa. Hata huko kwao hazikuwa za aina moja, zile za upande wa Bahari ya Bering kule Alaska nyingi ni pana na zina kina kuliko za Greenland magharibi. Usione aibu kuomba nafasi.

Kuhusu nyayo: vua viatu. Ndani ya kayaki hii soli nene ni adui, inainua unyayo mpaka unakwama kwenye sitaha. Vaa soksi za neoprini au kiatu laini chenye soli nyembamba, visigino vikaribiane na vidole vitazame nje kidogo kama mikono ya saa inayoonyesha namba 10 na namba 2, unyayo unashuka sentimita kadhaa hapo hapo na msuli wa ugoko unapumzika.

Kuingia kuna ufundi wake na ni tofauti na kayaki za tundu refu, usijaribu kukaa kwanza halafu ukunje miguu, haiwezekani. Kayaki ielee kwenye maji ya kutosha isiguse chini. Kafi liweke nyuma ya pete ya tundu, upande mmoja limeshika ardhi au maji ya kina kifupi. Kaa juu ya sitaha ya nyuma, ingiza miguu yote miwili kwa pamoja, imenyooka, vidole vimeelekezwa mbele, na uteleze polepole huku umejishikilia kwa mikono mpaka makalio yadondoke ndani. Pale mapaja yanapofika kwenye masik pinduka kidogo nyonga moja ipite kisha ya pili. Kutoka ni njia ileile kinyume: mikono nyuma, jiinue makalio mpaka sitaha ya nyuma, ndo miguu ifuate. Usijaribu kuinua goti, goti halitoki mpaka makalio yatoke.

Na hili ni la lazima kwako na kwa kila mtu anayebandika sponji yoyote ndani ya kayaki: kila unapobadilisha kitu, hata kipande kimoja, kabla hujaenda kwenye maji ya kina, nenda kwenye maji ya kifuani, mwenzako amesimama pembeni, pinduka kwa makusudi na utoke. Vuta sketi ya kuzuia maji, ile unayoivaa kiunoni ikafunika tundu, viganja pembeni ya nyonga, sukuma kayaki itoke kama unavua suruali, miguu imenyooka. Kama ulisikia kitu kimekukamata hata kidogo, kifundo, kiuno, mkanda, kile kitu kitoke siku hiyohiyo. Mimi niliwahi kubandika sponji nzuri sana chini ya masik, nikakaa nikaona raha tupu, nilivyopinduka sponji ikanishika suruali juu ya goti, nilitoka lakini nilitoka kwa jaribio la pili, na yale maji ya kifuani nilimshukuru Mungu kwamba yalikuwa ya kifuani.

SWALI: Nina miaka 58, niliwahi kuumia diski ya mgongo miaka iliyopita, sasa niko vizuri. Natamani sana kayaki ya asili, je niache? – Mzee wa Pwani

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Nisikudanganye, mkao wa miguu imenyooka na mgongo unaozunguka ni mkao ambao diski iliyoumia haiupendi, na mimi siujui mgongo wako, anayeujua ni daktari au mtaalamu wa viungo aliyekutibu. Mwendee, na usimwambie tu nataka kupiga kafi, kaa sakafuni mbele yake miguu imenyooka, zunguka kushoto na kulia, aone kwa macho yake unachokusudia kufanya nusu saa nzima.

Akikuruhusu, usianze na kayaki ya chini ya uwindaji. Tafuta ya fremu yenye sitaha iliyoinuka, magoti yapate mkunjo wa kweli, na tundu refu la kutosha kuingiza mguu mmoja mmoja ukiwa umeshakaa. Utapoteza kidogo ule mshiko wa mapaja na baadhi ya mitindo ya kujipindua itakuwa migumu, lakini utakuwa majini. Kabari ya sentimita 2 chini ya makalio, taulo chini ya magoti, mkanda wa chini ya kiuno. Beba kayaki na mtu mwingine hata kama ni nyepesi, maana migongo mingi inaumia kwenye kunyanyua kayaki kutoka chini, kabla hata ya kugusa maji. Na ukifika ufukweni usisimame mara moja, kaa kwanza juu ya sitaha ya nyuma miguu ikiwa bado ndani, chezesha vidole mpaka uvisikie vyote kumi, ndo utoke.